Kutapika kunakokuja kwa vipindi: Maradhi yanayojificha nyuma ya malaria

Wiki hii safu yetu ya afya na usafi inazungumzia maradhi yanayozitesa familia kimya kimya, kwa sababu wengi wanaoyaona majumbani mwao hawajui kuwa yana jina. Ni maradhi ya kutapika kwa mzunguko, au kutapika kwa vipindi. Katika maandiko ya madaktari yanajulikana kwa herufi CVS.

Hali yenyewe huwa hivi. Mtoto wa miaka mitano au sita amelala vizuri, hana homa, wala hajala kitu cha ajabu. Usiku wa manane au karibu na alfajiri anaamka amepauka, mate yanamjaa mdomoni, ameshika tumbo. Muda mfupi baadaye anaanza kutapika, na si mara moja au mbili. Anatapika kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, mpaka tumbo linabaki tupu na kinachotoka ni nyongo. Hali hiyo inaendelea siku nzima, pengine siku mbili au tatu. Kisha kutapika kunakoma ghafla, kama bomba lililofungwa. Mtoto anaomba uji, na kesho yake anacheza na wenzake. Wazazi wanamshukuru Mwenyezi Mungu na kusahau. Baada ya wiki sita au miezi miwili yanarudi vile vile, saa zile zile, na kwa muda ule ule.

Haya si maradhi mapya. Mwaka 1882 daktari Samuel Gee wa London aliandika habari za watoto tisa, wenye umri wa miaka minne hadi minane, waliokuwa wakitapika kwa namna hii. Wala si nadra kama inavyodhaniwa. Uchunguzi wa watoto wa shule katika mji wa Aberdeen, Scotland, uliochapishwa mwaka 1995, uliona kuwa karibu watoto 2 katika kila 100 walikuwa na dalili zinazolingana na maradhi haya. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka mitatu na saba, lakini hata watu wazima huyapata.

Kwa nini hayatambuliki mapema?

Sababu ni moja, na ndiyo kiini cha makala hii: kutapika kwa siku moja hufanana na kila ugonjwa. Mtoto akifikishwa zahanati anatapika, mwenye kumpokea anawaza malaria, taifodi, chakula kibovu au minyoo. Nyumbani nako wapo wanaosema ni chango, wengine ni jicho la hasidi, wengine ni pepo. Kila mmoja anatoa dawa yake, na siku ya tatu mtoto anapona.

Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kipindi cha maradhi haya kina mwisho wake chenyewe. Kwa hiyo dawa yoyote iliyotolewa siku ya pili itaonekana ndiyo iliyoponya, iwe sindano, dawa mseto, kombe au mizizi ya mganga. Kipindi kinachofuata familia inarudi kwenye dawa ile ile, na mtoto huweza kumaliza miaka akinywa dawa za malaria ambayo hana.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kuwa kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Basi mzazi ana haki ya kuuliza, "Kipimo kimeonyesha nini?" Vilevile kipimo cha damu cha taifodi kinachoitwa Widal, kikifanywa mara moja tu, hupotosha mara nyingi. Kama mtoto ametibiwa taifodi mara nne kwa mwaka, kuna haja ya kusimama na kujiuliza.

Kwa maradhi mengi ya kutapika unaangalia hali ya siku ile. Kwa maradhi haya ni lazima uangalie kalenda. Vigezo vya kimataifa vilivyotolewa mwaka 2016 vinataka mtoto awe amepata vipindi viwili au zaidi ndani ya miezi sita, vya kichefuchefu kikali na kutapika kwa saa kadhaa mpaka siku kadhaa, vinavyofanana, na katikati yake mtoto awe mzima kama kawaida yake kwa wiki au miezi. Kwa mtu mzima ni vipindi vitatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja, viwili kati ya hivyo viwe vya miezi sita ya karibuni, na kila kimoja kisifike wiki. Na kwa wote, uchunguzi uwe haukuonyesha sababu nyingine.

Chanzo chake

Tumbo la mgonjwa huyu si bovu. Kasoro iko katika mawasiliano kati ya ubongo na tumbo. Ndiyo maana kubadilisha vyakula pekee au kunywa dawa za tumbo hakumalizi tatizo. Maradhi haya yana udugu na kipandauso, yaani kuumwa kichwa kwa upande kunakoambatana na kichefuchefu na kuchukia mwanga. Ukiuliza vizuri, mara nyingi utakuta mama, bibi au khalati ana kipandauso. Watoto wengi huacha kutapika wanapokaribia au kufikia ujana, na baadhi yao kipandauso huchukua nafasi yake.

Katika baadhi ya familia urithi huu hufuata upande wa mama. Hili lisigeuzwe fimbo ya kumchapia mama wa mtoto. Mtu hachagui anachorithi wala anachorithisha. Pia maradhi haya hayaambukizi.

Hatua nne za mzunguko

Hatua ya kwanza ni ya uzima, ambapo mtoto hana dalili yoyote. Ya pili ni ya dalili za awali: anapauka, ananyamaza, anatema mate, anasikia kichefuchefu, hataki chakula. Huweza kuwa dakika chache au saa kadhaa. Ya tatu ni ya kutapika kwenyewe, ambako katika kilele huweza kufika mara sita kwa saa moja au zaidi. Ya nne ni ya kupona, rangi na hamu ya kula zinaporudi.

Katika hatua ya tatu kuna mambo yanayowatisha watu. Mgonjwa huweza kujikunyata kitandani, akafumba macho na asijibu akiitwa, ingawa anasikia. Hawezi kumeza hata mate yake. Wengine hunywa maji mengi kwa pupa kisha wakayatapika, kwa kuwa maji hupunguza ukali wa nyongo kooni na kuleta nafuu kidogo. Anayetazama husema mtoto anajitapisha, anadeka, au amepandisha. Ndugu msomaji, hayo yote yanajulikana kuwa ni sehemu ya ugonjwa. Mtoto huyo asigombezwe wala asipigwe.

Mambo yanayochokoza

Kila mgonjwa ana vichochezi vyake. Vinavyojulikana zaidi ni mafua na maambukizi mengine, kukosa usingizi, kukaa na njaa muda mrefu, uchovu, joto kali, safari ya gari, hofu ya mitihani, na kwa baadhi ya wasichana siku zao za hedhi. Chokoleti na jibini huwachokoza baadhi ya watu.

Wengi hawajui kuwa hata furaha huchokoza. Mtoto anaweza kuangukia kitandani siku ya Idd, siku ya harusi ya dada yake, au usiku wa kuamkia safari ya kwenda kwa bibi. Wapo wanaoona ni mkosi au hasadi kwa sababu kila siku ya furaha inaharibika. Kumbe msisimko na kukesha ndivyo vilivyoleta. Dawa yake ni kumpunguzia kishindo: alale mapema, ale kwa wakati, na habari ya safari asiambiwe wiki nzima kabla.

Kwanza hakikisha si jambo jingine

Hakuna anayeruhusiwa kulipa kutapika jina hili akiwa nyumbani. Kuna magonjwa ya kuua yanayoanza hivi hivi. Mfikishe mgonjwa hospitali haraka, hata kama anajulikana kuwa na maradhi haya, ukiona moja ya haya:

Matapishi ya kijani, hasa kwa mtoto mchanga au yakitokea kwa mara ya kwanza, kwani huenda utumbo umejisokota. Maumivu makali ya tumbo yasiyoachia au yaliyokaa upande mmoja, ambayo huweza kuwa kidole tumbo. Homa pamoja na shingo kukakamaa. Kutapika baada ya kuanguka na kuumia kichwa. Kuumwa kichwa kila asubuhi na kuyumba katika kutembea. Kiu na mkojo mwingi kwa siku kadhaa kisha kuhema kwa kasi, ambayo ni dalili ya kisukari. Damu katika matapishi. Macho kudidimia, mdomo kukauka, kutokojoa kwa saa nane au zaidi, au usingizi usio wa kawaida.

Kwa mwanamke aliyeolewa kipimo cha mimba kifanywe kwanza. Na mtoto aliye chini ya miaka miwili anahitaji uchunguzi wa kina zaidi, kwa kuwa yapo maradhi ya kuzaliwa nayo yanayofanana na haya. Kipimo cha sukari kwenye damu ni muhimu kwa kila mtoto aliyetapika muda mrefu, kwani sukari huweza kushuka kwa hatari.

Daftari la mama

Hakuna kipimo cha maabara kinachosema, "haya ndiyo maradhi yenyewe." Ushahidi mkubwa ni maelezo ya familia. Basi nunueni daftari dogo. Kila kipindi andikeni tarehe, saa kulikoanza, saa kulikoisha, mara ngapi kwa saa katika kilele, rangi ya matapishi, kulikuwa na homa au la, kipimo cha malaria kilisema nini, na siku mbili kabla yake kulikuwa na nini: mafua, safari, mtihani, sherehe, njaa. Andikeni pia dawa zilizotolewa.

Daftari hili mpelekeeni daktari wakati mtoto ni mzima, si katika purukushani za usiku. Zahanati yetu inaweza isiwe na jibu, lakini mnaweza kuomba barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na huko mkaelekezwa kwa daktari wa watoto. Kurasa tatu za daftari lililoandikwa vizuri zitamwambia daktari mambo ambayo kadi kumi zilizoandikwa "malaria" hazitamwambia. Ombeni pia aandike karatasi ya maelekezo: maradhi ni haya, akianza kutapika apewe dripu ya namna hii na dawa hii. Karatasi hiyo ikae pamoja na kadi, mhudumu wa zamu ya usiku aisome. Nakala nyingine apewe mwalimu wa shule na wa madrasa, ili mtoto asiadhibiwe kwa utoro.

Siku ya kutapika nyumbani

Dalili za awali zikianza, mlaze mtoto chumba chenye giza, hewa na utulivu. Kama daktari alishampa dawa ya kuzuia kutapika, huo ndio wakati wake. Mpe maji ya ORS kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika kumi kisha anza tena taratibu zaidi. Kama hakuna pakiti, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Usizidishe chumvi. Yakipita saa 24, mwaga utengeneze mengine. Akishindwa kubakisha chochote tumboni, usingoje kesho. Anahitaji dripu, na mara nyingi yenye sukari.

Kumzuru mgonjwa ni jambo la kheri, lakini kundi la wageni chumbani, sauti za juu na harufu kali humzidishia. Udi, ubani, marashi na kitunguu kinachokaangwa viwekwe mbali naye. Wageni wamuombee dua wakiwa sebuleni.

Kuhusu usafi, mwekee beseni lenye kifuniko, matapishi yamwagwe chooni, na anayehudumia anawe mikono kwa sabuni kila mara. Ingawa maradhi haya hayaambukizi, siku ya kwanza huwezi kujua kama si kuhara na kutapika kwa kuambukiza. Baada ya kutapika mtoto asukutue kwa maji, asipige mswaki papo hapo. Asidi ya tumbo hulainisha meno, na kuyasugua wakati huo huyala. Angoje kama nusu saa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, kutapika hakutengui udhu, lakini matapishi ni najisi, hivyo mdomo, nguo na mahali vioshwe kabla ya swala.

Dawa za hospitali

Kama vipindi ni vichache na vyepesi, kupangilia usingizi na chakula huweza kutosha. Mtoto huyu asitoke kwenda shule na madrasa na tumbo tupu akakaa mpaka mchana. Vikiwa vingi, daktari huweza kuandika dawa ya kunywa kila siku ili kuvizuia. Kwa wadogo wa chini ya miaka mitano hutumika siproheptadini, na kwa wakubwa na watu wazima amitriptilini. Propranololi nayo hutumika, ila si kwa mwenye pumu.

Baadhi ya familia huacha amitriptilini wanaposikia ni dawa ya wagonjwa wa akili. Ni kweli hutumika pia kutibu mfadhaiko, lakini hapa inatuliza mawasiliano ya ubongo na tumbo. Daktari huanza na kiasi kidogo na kupandisha taratibu, na huweza kutaka kupima mapigo ya moyo kwanza. Iwekwe mbali kabisa na watoto, kwani akizidisha huweza kufa.

Jihadharini na dawa za kuzuia kutapika zinazonunuliwa bila ushauri. Metoklopramidi huweza kumkakamaza mtoto shingo na kumgeuza macho juu, watu wakasema pepo kapanda, kumbe ni madhara ya dawa na yana tiba yake. Promethazini haifai kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Ondansetroni ndiyo inayotumika zaidi siku hizi, nayo itolewe kwa kipimo cha daktari.

Saumu na kisomo

Mtoto ambaye hajabaleghe hajalazimishwa kufunga. Kama njaa ndiyo inayomchokoza, asishindanishwe na wenzake kuhesabu siku alizofunga. Mtu mzima mwenye maradhi haya azungumze na daktari kabla ya Ramadhani, kisha ampelekee sheikh wake maelezo hayo. Ruhusa ya mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine imo katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185. Atakayefunga asiache daku, na dawa za kila siku apangiwe saa za usiku. Na kama wanazuoni walivyoeleza, aliyeshindwa kuzuia matapishi saumu yake haikuharibika, tofauti na aliyejitapisha kwa makusudi. Lakini akiishiwa maji mwilini, kufungua na kutibiwa ndiko kuihifadhi nafsi.

Kumsomea mgonjwa Qur'an na kumuombea dua hakugongani na dripu. Yote mawili yafanyike. Kinachodhuru ni kumlazimisha kunywa makombe na dawa za miti wakati tumbo halipokei, kumfukiza moshi, kumchapa ili "pepo" atoke, na kuchelewesha hospitali mpaka viungo vimepoa.

Neno kwa vijana

Kijana anayetapika kwa vipindi na kupata nafuu anapooga maji ya moto muda mrefu aulizwe kwa upole kuhusu bangi. Mwaka 2004 madaktari wa Australia Kusini waliandika kuwa matumizi ya bangi ya muda mrefu huleta kutapika kwa namna hii hii. Maji ya moto peke yake si ushahidi, kwani wagonjwa wengine wasiovuta nao hupata nafuu hiyo, hivyo asituhumiwe kabla ya kuulizwa. Anayetumia, tiba yake ni kuacha kabisa.

Ndugu msomaji, maradhi haya mara chache huua yenyewe. Kinachoua ni kukaukiwa maji, na ugonjwa mwingine uliochanganywa nayo. Kama nyumbani kwako kuna mtoto aliyetibiwa malaria mara tano mwaka huu, na kila mara alitapika siku mbili kisha akawa mzima kabisa, toa kadi zake zote leo, zipange kwa tarehe, na uhesabu wiki zilizopita kati ya moja na nyingine. Hesabu hiyo ipeleke hospitali.

Tukutane wiki ijayo Inshaallah. Wabillahi tawfiq.